Ndoo mbili na visu kwapani

Mvua imetufungia ndani leo. Mpwa wangu akanichokoza: "Mjomba, hizo picha zenu za kichina za zamani zina nini hasa?"

Sikujibu. Nikamwekea The 36th Chamber of Shaolin, ya 1978. Kampuni ya filamu ya Shaw Brothers ya Hong Kong, Gordon Liu ndiye San Te, kijana anayejifunza kung fu kwenye hekalu la Shaolin.

Mwanzoni dogo macho yote kwenye simu.

Ikafika pale pa kubeba maji.

San Te ana ndoo mkono huu na huu, mikono imenyooka pembeni. Juu karibu na kwapa amefungwa visu, ncha zinatazama mbavu. Ukichoka ukashusha mikono, umejichoma mwenyewe.

Simu ikawekwa chini. Nageuka, namkuta naye kanyoosha mikono pale kwenye kochi, wala hana habari 😂

Ndicho ninachoipendea hii picha. Sehemu kubwa ni mazoezi tu, chumba baada ya chumba, jamaa anaanguka majini, anaamka, anarudia. Mwongozaji Lau Kar-leung alikuwa mtu wa kung fu kwelikweli, hana haraka ya kukupa ngumi. (Sisi wa mabanda ya video tulikuwa tunapiga kelele stelingi apigane basi!)

Sasa kijana anadai nyingine kesho. Mimi nasema Drunken Master ya Jackie Chan, nayo ya 1978. Shemeji kakomaa na Enter the Dragon ya Bruce Lee.

Wadau, nyie mngemwekea ipi? Zile za waigizaji kurushwa hewani kwa kamba msiniletee.