Kumbukumbu ya mradi: kusawazisha kina cha vichwa vya risasi za .308 Winchester

Najaza mwenyewe risasi za .308 Winchester, aina ya risasi za bunduki ndefu. Baada ya kuridhika na upimaji wa baruti, sasa nimehamia kwenye kina ambacho kichwa cha risasi hushindiliwa shingoni mwa ganda. Lengo ni risasi za kundi moja zisitofautiane kwa zaidi ya inchi 0.002, yaani takribani milimita 0.05.

Kwanza nimebadili namna ya kupima. Urefu wa kutoka kitako cha ganda hadi nchani una kazi yake, kwani huamua kama risasi itaenea kwenye magazini, na kikomo chake hapa Marekani kwa .308 Winchester ni inchi 2.810. Lakini vichwa vya kulengea shabaha vyenye ncha wazi hutoka kiwandani vikiwa na midomo isiyolingana, hivyo risasi mbili zaweza kupishana urefu ilhali vichwa vyake vimezama sawasawa. Kwa hiyo kwenye kalipa, kifaa cha kupimia urefu, nimefunga kipande chenye tundu, ambacho hukishika kichwa pale kinapoanza kuchongoka, karibu na sehemu itakayokutana na mifuo ya mtutu, yaani michirizi ya ndani inayokizungusha kichwa.

Tofauti zilipungua, ila hazikuisha, na sababu ni kwamba kisukumio cha presi, mashine ya mkono inayoshindilia kichwa kwenye ganda, hukigusa kichwa juu zaidi, karibu na ncha. Umbo likipishana kati ya sehemu hizo mbili, kina nacho hupishana, hata mkono uwe mtulivu namna gani. Dawa yake ni kuvipanga vichwa kwa vipimo kabla ya kuanza. Ni kazi ya kuchosha, lakini sijaona njia ya mkato.

Kilichonishughulisha zaidi ni shingo. Shaba nyeupe huwa ngumu kila ganda linapofyatuliwa na kurudishwa umbo, na shingo ngumu hukibana kichwa kwa nguvu isiyo sawa na ya jirani yake. Nilipotenga risasi zilizouletea mkono wa presi ukinzani mkubwa, nyingi zilikuwa ndizo ndefu. Maganda yaliyolainishwa shingo kwa moto, kisha kupakwa unga wa grafati kwa ndani, yamenisogeza karibu sana na lengo.

Sijagusa kina chenyewe, kwa kuwa kukizamisha kichwa zaidi hupunguza nafasi ndani ya ganda na kupandisha shinikizo, na kukigusisha kwenye mifuo hulipandisha vilevile. Kundi lijalo litakuwa la maganda yaliyolainishwa pekee, kwa kiasi kilekile cha baruti.