Nauli ya Kreti Tupu

Mwaka wa pili wa masomo yangu Wageningen, Uholanzi, nilirudi Dar kukusanya data za tasnifu. Nilikuwa nasomea biashara ya kilimo na usimamizi wa chakula, na mada yangu ilikuwa nyanya: zinavyoharibika kati ya mashamba ya Ilula, Iringa, na soko la Ilala. Mama alipowaambia majirani kwamba nimeenda Ulaya kusomea nyanya, walicheka mpaka basi.

Alfajiri nikawa Ilala, malori yakishusha. Mzigo umeteremka mlima Kitonga usiku, umepita zaidi ya kilomita 400. Tenga likifunguliwa, juu zimepangwa nyanya ngumu, nyekundu, zimepita mdomo na kufunikwa nyasi. Katikati bado zinauzika. Chini zimepasuka, maji yake yanamchuruzikia mpagazi mgongoni.

Darasani jibu lilikuwa rahisi. Uholanzi kreti za plastiki hukodishwa. Zikishatoka dukani zinaoshwa na kurudi shambani. Nikamfuata dalali mmoja, mtu mzima.

"Shikamoo mzee. Kwa nini hamtumii kreti za plastiki?"

"Marahaba binti. Nani anazinunua? Mkulima, mimi, au mwenye lori?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, huku akitupa mbovu pembeni bila hata kuzitazama.

"Lori likishusha hapa linapakia mabati, sabuni, saruji, linarudi mikoani. Kreti tupu nitaziweka wapi? Nauli ya hewa nani analipa? Tenga likifika hapa limemaliza kazi."

Kisha akanieleza bei. Nyanya huuzwa kwa tenga, si kwa kilo, na mteja wa Buguruni amezoea lumbesa, yaani tenga lililojazwa kupita mdomo. Mletee kreti iliyojaa sawasawa, atasema umempunja, hata kama hakuna iliyooza ndani. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi yenyewe. Plastiki mtu yeyote anaweza kununua akiwa na hela.

Jioni nikaandika yote na kumtumia msimamizi wangu. Majedwali yangu ya uozo hakuyagusa, akapigia mstari "nauli ya hewa" na kuuliza: shilingi ngapi kwa kreti? Ikabidi nirudi Ilala, safari hii kwa madereva. Mzee ndiye aliyenitafutia wa kwanza, akamwambia mbele yangu, "Mtajie bei ya kweli, si ile unayonitajia mimi."