Siku moja ya mtathmini wa hesabu za uhandisi

Nikitaja kazi yangu, watu hudhani nasahihisha mitihani: vyema, kosa, jumla, basi. Kazi yenyewe ni kuthibitisha kwamba mtu anayeelekea kwenye mitambo na majengo anazimudu hesabu za msingi za uhandisi, na kuweka sahihi yangu chini ya uthibitisho huo. Leo ilikuwa hivi.

Saa 1:30 asubuhi. Napanga kaliper, vipande vya nondo, karatasi na vikokotoo. Kila kikokotoo nakijaribu kwa saini (sine, ile ya hesabu za pembe) ya 30. Kikitoa 0.5 kinapima pembe kwa nyuzi, kikitoa −0.988 mtu amekiacha kwenye radiani, kizio kingine cha pembe, na mtahiniwa angeanguka kwa kosa lisilo lake.

Saa 2:30. Vizio. Bado wapo wanaoandika kwamba mita moja ya mraba ni milimita za mraba 1,000, wakati ni 1,000,000. Katika maandalizi huwa nawasimulia habari ya Boeing 767 ya Air Canada, iliyoishiwa mafuta angani mwaka 1983 kwa sababu hesabu ya kujaza ilifanywa kwa ratili badala ya kilo. Marubani waliitua Gimli, Kanada, injini zote zimezimika, na abiria wote wakapona. Wanaosikia kisa hicho hawaachi tena namba bila kizio.

Saa 4. Kugeuza fomula, kisha pembetatu mraba. Mambo yalikwenda vizuri.

Saa 5:30. Hapa ndipo siku ilipokwama.

Swali: nondo ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 16 inavutwa kwa kani ya kilonyutoni 40. Mkazo unaoruhusiwa, yaani kani kugawanywa kwa eneo la mkato wa nondo, ni megapaskali 150 (nyutoni 150 kwa kila milimita ya mraba). Je, nondo inafaa?

Mtahiniwa mmoja, mtu mzima aliyechomelea vyuma kwa miaka mingi, alipata mkazo wa megapaskali 50 hivi, akaandika kwa herufi kubwa: INAFAA. Alikuwa amekipandisha kipenyo kipeo cha pili akazidisha kwa pai, mahali pa nusu kipenyo. Eneo likawa mara nne ya lile la kweli, na mkazo ukashuka hadi robo. Mkazo halisi ni megapaskali 199. Nondo haifai kabisa.

Nikamwambia hajafikia umahiri bado. Akawaka. "Mwalimu, fomula nimeandika, hatua nimeonyesha, vizio viko sawa. Unaninyima kwa namba moja tu?" Kwenye karatasi ya darasani ningeweza kumpa alama za njia. Hapa siwezi, maana kosa lake limeangukia upande wa hatari: mwenye kusoma jibu lile angetundika mzigo na kusimama chini yake.

Kanuni hainiruhusu kumpa jibu, ila naruhusiwa kuuliza. Nikamuuliza amepata eneo gani. "Milimita za mraba 804." Nikamwomba achore mraba ambao duara la nondo ile linaenea ndani yake na kugusa pande zote nne. Akachora. Upande ni ngapi? Kumi na sita. Eneo la mraba? Akabonyeza kikokotoo: 256.

Akanyamaza. Akalitazama duara, akautazama mraba, akabonyeza tena ingawa namba ilikuwa ileile. Kisha taratibu: "Kilicho ndani hakiwezi kukizidi kilichokibeba."

Mabishano hayo yalikula zaidi ya saa nzima, na wengine walikuwa wakisubiri nje, wengine wakigonga mlango. Sijutii hata dakika moja. Kukumbuka fomula ni jambo dogo. Ninachokitafuta ni jicho linaloshtuka jibu lisipowezekana, na jicho hilo nililiona likifunguka.

Mchana sikumbuki vizuri ulivyopita. Watahiniwa waliobaki, sauti imekauka, miguu inauma, majedwali ya ushahidi yanayodai tarehe na sahihi kila ukurasa, maana mhakiki akikuta pengo moja mtahiniwa ndiye anayerudishwa.

Jioni yule fundi alirudi kwa jaribio la pili, kama utaratibu unavyoruhusu, na swali nikaligeuza: kwa kani ileile na mkazo uleule unaoruhusiwa, nondo iwe na kipenyo gani? Alianza na eneo, kilonyutoni akazigeuza nyutoni 40,000, akagawa kwa 150, akapata milimita za mraba 266.7. Akageuza fomula mwenyewe hadi kipenyo cha 18.43. Nondo zilizokuwa mezani ni za 16, 20 na 25, akachagua 20. Halafu, bila kuambiwa, akachora mraba pembeni, akapata 400, akahesabu eneo la duara, 314, akatia vyema kwa mkono wake.

Nikaandika: amefikia umahiri. Kesho ni zamu ya kundi la umeme, na vikokotoo vinahitaji betri mpya.