Bwawa la Mjomba, masika ya 2019

Daktari ndiye aliyemwambia Mjomba atembee majini. Kiharusi kilikuwa kimempata upande wa kushoto, mguu ukawa mzito, na nchi kavu kila hatua ilimtoa jasho. Majini mwili hupungua uzito, mguu hupata nafasi ya kujifunza upya. Kwake Mbezi Beach bwawa lilikuwepo tangu watoto wake wakiwa wadogo, mita 8 kwa 4, upande wa kina kifupi maji ya kiunoni, upande wa kina yakimfika mtu juu ya kichwa. Kila asubuhi alishuka, akashika ukingo kwa mkono mzima, akaenda na kurudi upande wa kina kifupi. Nilimwona kwa macho yangu akiacha mkongojo wa sebuleni kwa sababu ya maji yale. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yaliniuma.

Mwezi wa tatu mwaka 2019 tulipata msiba Tanga, tukaenda nyumba nzima, na Mjomba akakaa huko mpaka arobaini ikapita. Nyumbani alibaki mlinzi peke yake. Luku ya umeme ikaisha, pampu ya kuzungusha maji ya bwawa ikasimama. Kijana aliyezoea kuja kutia dawa hakuonekana tena. Kisha masika ikafunguka.

Tuliporudi, ngazi ya pili ya bwawa haikuonekana. Maji yalikuwa kijani kizito, majani ya mwarobaini yameoza juu yake, na ukutani umeota utando ambao ukiupitisha kidole unabaki na mstari mweupe. Mjomba alisimama pale kwenye ukingo na mkongojo wake, ambao Tanga ulikuwa umerudi mkononi. Hakusema kitu. Aliingia ndani akaomba chai.

Mwaka ule ulikuwa wa dengue Dar. Kila mtaa ulikuwa na mgonjwa. Siku mbili tatu baada ya sisi kufika, mjumbe wetu alipita na mhudumu wa afya wakikagua nyumba. Yule mhudumu alichota maji ya bwawa kwa bakuli jeupe, akaniinamishia nione: viluwiluwi wanachezacheza. Alinieleza kwa utaratibu kwamba mbu wa dengue huuma mchana na hupenda zaidi maji madogo yaliyotulia, kwenye visahani vya maua, matairi, ndoo zilizosahauliwa, na kweli kwenye visahani vya barazani aliwakuta wengi kuliko bwawani. Tulivimwaga hapo hapo. Lakini bwawa nalo, akasema, haliwezi kuachwa hivi. Ama lisafishwe, ama litolewe maji, na wiki ijayo atapita tena.

Kila aliyefika kutupa pole ya msiba alitoa shauri moja: toa maji, sugua, jaza upya. Jirani mmoja alikuwa tayari kutuazima pampu yake. Mwingine alisema tutie mrututu, ule wanaopulizia nyanya, kijani kitakufa usiku mmoja. Mimi nilikuwa nimeanza kuulizia bei ya maji ya boza, maana bwawa lile hubeba lita 48,000 hivi na boza la lita 10,000 lingebidi lije mara tano, ndipo mlinzi akakumbuka mzee mmoja wa Kunduchi aliyefanya kazi ya mabwawa kwenye mahoteli ya ufukweni miaka mingi. Alistaafu, lakini akiitwa huja.

Alikuja na boksi dogo la plastiki na kamba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Binti, jirani hapa kuna kisima cha kuchimba kwa mkono?" Kilikuwepo, nyuma ya ukuta. Alifunga jiwe kwenye kamba, akalishusha kisimani, akapima palipolowa. Maji yalikuwa mita moja na kidogo tu kutoka juu ya ardhi.

"Mnaona? Ardhi imejaa. Bwawa lenu linashuka chini kuliko hapo. Mkilitoa maji leo, maji ya nje yatalisukuma kutoka chini, nalo litainuka kama mtumbwi. Likishapasuka hilo, hamna fundi atakayelirudisha. Maji yaliyomo ndiyo yanayolishikilia."

Sikuwahi kulifikiria hilo, na katika wote waliotushauri hakuna aliyelitaja. Kuhusu mrututu alitikisa kichwa. Ni shaba, alisema. Unaua kijani, sawa, lakini shaba haiondoki majini, inabaki na kuacha madoa kwenye plasta na malumalu, na wenye nywele nyeupe wanatoka na rangi ya kijani. Mjomba nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Shauri la mrututu likaishia hapo.

Jambo lililonivutia kwa mzee yule ni kwamba hakufungua ndoo ya dawa hata moja kabla ya kupima. Alichota maji kutoka kina cha kiwiko, si ya juu, akayagawa kwenye vichupa viwili. Kimoja alikitia matone ya kupimia klorini: maji hayakubadilika rangi kabisa, maana klorini ilikuwa sifuri. Kingine alikitia matone mekundu ya kupimia pH, yaani uchachu wa maji, ambao hupungua namba ikipanda, kikaiva rangi ya waridi mpaka mwisho wa kipimo, 8.2 au zaidi. Alinieleza kwamba mwani wenyewe, yaani kile kijani, ndio unaoipandisha, kwa sababu mchana hula hewa ya kaboni iliyomo majini. Halafu akaniambia jambo ambalo watu wengi wenye mabwawa hapa mjini wangeokoa hela nyingi wakilijua: pH ikiwa 8, karibu robo tu ya klorini unayotia ndiyo inayoua, ikishuka mpaka 7.2, inakuwa karibu theluthi mbili. Dawa ileile, ndoo ileile. Na pH ipimwe kabla ya klorini, kwa kuwa klorini ikizidi inaharibu rangi ya kipimo na kukudanganya.

Aliuliza yule kijana alikuwa akitumia dawa gani. Vidonge, nikamwambia, vile vikubwa vyeupe vinavyoelea. Akaguna. Vidonge vile vina asidi inayoikinga klorini na jua, na hiyo haiishi, inajilimbikiza mwaka hadi mwaka mpaka klorini inakuwa nzito kufanya kazi. Alikuwa na bomba jembamba lenye doa jeusi chini. Alichanganya maji na dawa yake, yakawa meupe, akayamimina taratibu huku akitazama kwa juu mpaka doa likapotea, akasoma 60, yaani miligramu 60 za asidi ile kwa kila lita. "Mvua imewasaidia," alisema. Maji ya masika yaliyofurika yaliondoka na sehemu yake.

Kazi yenyewe ilianza kwa mikono. Tuliopoa majani kwa wavu, tukatoa matope yaliyokaa kwenye kona, kisha tukashika brashi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba brashi ni nusu ya dawa. Ule utando una ute unaojikinga, klorini inaupitia juu juu. Ukiuchana kwa brashi, dawa inaingia. Tulisugua kuta, sakafu, nyuma ya ngazi ya chuma, ndani ya tundu la taa, kwenye viungo vya malumalu. Alinionyesha nyuma ya ngazi kwa ncha ya kidole: "Ukipaacha hapa, Jumapili ijayo utando umerudi wote."

Asidi ya kushusha pH aliitia mwenyewe, akiwa amefunga kitambaa usoni, upepo ukiwa mgongoni. Kwanza maji kwenye ndoo, kisha asidi ndani ya maji, kamwe si kinyume chake. Nusu lita, pampu izungushe saa kadhaa, apime, atie nyingine. Dumu la asidi alitaka likae stoo tofauti kabisa na ndoo ya klorini, na hakukubali kata moja itumike kwa zote mbili, maana zikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu. Na vidonge vilivyobaki alivitenga pia, visichanganyike na klorini ya unga, kwa kuwa vinaweza kulipuka. Mlinzi alisimamishwa, akaambiwa arudie maneno hayo kwa sauti.

Klorini ya unga ilisubiri magharibi. Jua la Dar linaimaliza haraka, ukitia saa sita umelilisha jua. Kilo mbili, zimeyeyushwa kwanza kwenye ndoo ya maji, zikamwagwa kuzunguka ukingo pampu ikiwa inafanya kazi. Tulijaza Luku ya kutosha, kwa sababu pampu haikutakiwa kuzimwa usiku wala mchana.

Asubuhi kijani kilikuwa kimekufa. Maji yalikuwa ya kijivu, yana ukungu, na Mjomba alipochungulia dirishani alidhani tumeharibu zaidi. Mzee alimwita nje amwonyeshe geji ya chujio la mchanga: mshale ulikuwa umepanda sana kuliko jana. "Mzee mwenzangu, huu ndio mwani wako, uko ndani ya mchanga sasa." Alizima pampu, akageuza mkono wa chujio, akawasha, maji yakapita kinyume na kutoka nje meusi kwenye kile kioo kidogo cha pembeni, yakawa ya kahawia, yakafifia, yakawa maangavu. Mjomba aliomba aruhusiwe kugeuza ule mkono yeye mwenyewe zamu iliyofuata. Kila mshale ulipopanda aliitwa, akaja na mkongojo wake.

Tuliendelea hivyo, brashi asubuhi, kipimo, klorini jioni, mpaka ukungu ukapungua. Vumbi laini la mwisho lililopita kwenye mchanga mzee alilikamata kwa shabu: aliitia, akazungusha kwa muda mfupi, akazima pampu usiku kucha. Kulipokucha vumbi lote lilikuwa limelala sakafuni. Alilinyonya kwa bomba polepole, akayatoa maji hayo nje moja kwa moja bila kuyapitisha kwenye chujio, huku mimi nikiongeza ya bomba ili kina kisishuke. Akarusha sarafu ya shilingi 500 upande wa kina. Tuliiona imekaa, inang'aa.

Mjomba alikuwa tayari na bukta yake. Mzee akakataa. Alipima klorini jioni jua lilipozama, akapima tena alfajiri kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kuila, kwa hiyo ikipungua sana ujue bado kuna kiumbe majini kinachoila. Haikupungua hata miligramu 1 kwa lita. Mwani ulikuwa umekwisha. Lakini klorini yenyewe bado ilikuwa juu mno kwa ngozi ya mtu, tukaiacha jua liishushe mpaka chini ya 3, na pH ikiwa 7.4.

Mhudumu wa afya alirudi na bakuli lake jeupe wakati tukisubiri. Alichota pembe zote nne, hakupata kitu, akaandika, akaenda nyumba ya pili.

Mjomba alishuka siku iliyofuata asubuhi, mkono kwenye ukingo, mzee wa Kunduchi akiwa amekaa kwenye ngazi miguu imo majini ili awe karibu akiteleza. Alienda na kurudi akihema, akapumzika, akaenda tena. Alipotoka aliniuliza vile vichupa vinanunuliwa wapi, akanipa hela ya kununua boksi langu mwenyewe. Mpaka leo haweki mguu majini kabla hajauliza, "Mwanangu, umepima? Imesoma ngapi?"