Siku moja na dalali wa vyumba Dodoma: je, futi 10 kwa 10 zitakutosha?

Saa 11 alfajiri

Kwetu mtu haamki peke yake. Mama Neema akikohoa, mtoto anageuka. Mtoto akigeuka, mimi navuta mguu na kugonga ndoo ya maji, na nyumba nzima imeshaamka. Nikisema nyumba nzima namaanisha chumba kimoja, hapa Chang'ombe, futi 10 kwa 10. Kitanda cha 5 kwa 6 kinameza futi 30 za mraba kati ya hizo 100. Zilizobaki wamegawana kabati, meza ya tivii, ndoo tatu, mtungi wa gesi wa kilo 6 na godoro la Neema, ambalo mchana linasimama nyuma ya mlango kama askari wa zamu. Kiatu changu cha kushoto hakipatikani mpaka beseni lihamishwe.

Agosti hii Dodoma ina baridi ya asubuhi na upepo wenye vumbi lake. Hata hivyo mke wangu ameshatoka nje, amewasha jiko la mkaa chini ya mwarobaini. Uani tuko wapangaji sita, choo kimoja, mita moja ya umeme, mti mmoja.

Ananimiminia chai kisha anasema bila kuniangalia, "Baba Neema, mama anakuja tarehe 20."

Najua maana yake. Mimba ina miezi minane, na mama lazima aje kumlea mzazi. Lakini mkwe na mkwewe hawalali chumba kimoja hata dunia ipinduke. Alipozaliwa Neema, nililala wiki tatu kwenye kibanda cha mlinzi wa gereji, nikirudi alfajiri kuoga kama mgeni.

"Wewe si dalali?" ananimalizia. "Unawapa watu nyumba kila siku."

Saa 2 asubuhi

Kijiweni Sabasaba, mwamvuli mmoja, madalali wanne, simu sita. Kazi hii niliianza 2017. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka mmoja nyuma kwamba sasa inahamia kweli, baada ya mji huu kuitwa makao makuu tangu 1973. Watumishi walikuja na mabegi, familia zikabaki Dar es Salaam, na kila mwenye kiwanja akaanza kupandisha vyumba uani. Wageni wengi wa wakati ule niliowahudumia walisema chumba ni cha muda tu. Wapo ambao bado wamo humohumo.

Saa 3

Mteja wa kwanza ni kijana aliyehamishiwa wizara moja kule Mtumba. Anataka chumba masta, yaani chenye choo ndani, bei isizidi 100,000, karibu na barabara. Kabla sijawasha pikipiki nina maswali yangu, wenzangu hunicheka kwayo. Unapika au unakula kwa mama ntilie? Una sofa? Ukigombana na mwenzako unaendaga wapi?

"Sina mwenzangu," anacheka.

"Na sofa?"

"Seti nzima, kaka. Ipo njiani kwenye Fuso."

Nampeleka Ihumwa. Chumba kizuri, vigae, jipsamu, dirisha la aluminiamu. Natoa tepu namwonyesha: sofa ya watu watatu ikiingia, kitanda kinagusa mlango wa choo. Anasema atapanga vizuri. Wote husema hivyo. Katika miaka yangu ya udalali sijaona kitu kinachomkosanisha mtu na chumba kidogo kama sofa, kwa sababu sofa haikubali kazi nyingine. Kitanda ni kiti, ni meza ya kupigia pasi, ni sebule ya wageni wanaokuzoea. Ndoo ikigeuzwa ni stuli. Sofa ni sofa tu, mpaka mwisho wa mkataba.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo. Kijana anaomba mitatu. Tunaachana pale, na mafuta ya pikipiki ni yangu.

Saa 5

Ng'ong'ona, upande wa chuo kikuu. Wanafunzi wawili wa kike, chumba kimoja, wameshakubaliana kila kitu hadi siku za kufua. Dakika kumi biashara imekwisha. Hao chumba kidogo hakiwasumbui, shughuli zao zote ziko kwingine.

Saa 7 mchana

Huyu ndiye aliyenichukulia siku.

Mama mmoja mstaafu, shuka la kijani begani, anaishi Area C kwenye nyumba yake ya vyumba vinne. Namsalimia shikamoo, naandaa daftari nikidhani ananipa nyumba niipangishe. Kweli ananipa. Ila anataka nimtafutie chumba kimoja cha yeye kukaa.

"Mama, utaweza kweli?" Nilishangaa, nikasahau kwamba mimi ni mfanyabiashara.

"Mwanangu, nafagia vyumba vitatu visivyolala mtu. Vumbi la Dodoma unalijua. Nikimaliza cha mwisho, cha kwanza kimeshakuwa Jangwa la Sahara." Mume alishafariki, watoto wako Mwanza na Arusha, wanampigia simu Jumapili. Kodi ya nyumba kubwa itamlisha, na chumba atakifagia kwa dakika tano.

Nikampeleka Kikuyu, kwenye nyumba ya zamani yenye baraza ndefu. Nikafungua mlango, nikaanza wimbo wangu wa dari na soketi. Akachungulia ndani kama mtu anayechungulia sufuria, akafunga mlango. Kisha akakaa barazani, akanyoosha miguu, akauliza jua la jioni linapiga upande gani, jirani wa kushoto ni nani, na kama mtu akitandika mkeka hapa kuna atakayemfukuza. Alikaa nusu saa. Nilianza kupiga miayo.

Kisha akaniambia, "Kwenye tembe la bibi yangu kule Mpwayungu tulikuwa tunaingia kwa kuinama. Ndani giza, moshi, na ndama wako hapo. Nani alikaa ndani? Ndani tulilala tu."

Hata mimi ni wa tembe. Nakumbuka paa lile la udongo, bapa, uwele umeanikwa juu yake, vyumba vimepangwa kuzunguka ua, na ng'ombe wakirudi jioni ua unakuwa wao. Vyumba vilikuwa vidogo kuliko hiki changu. Sikumbuki mtu mzima yeyote akilalamika kwamba pamebana, ingawa nakumbuka viroboto, na hao sitawapamba.

Akalipa miezi sita, taslimu.

Saa 9 alasiri

Simu. Mwenye nyumba wa Nkuhungu, chumba na sebule, mpangaji ametoka ghafla, 90,000 kwa mwezi. Kwa bei hiyo kabla ya magharibi kitakuwa kimekwenda. Nina mteja wa kukichukua leo leo. Lakini moyo ulishaanza kupiga hesabu yake: mimi na mke chumbani, mama na Neema sebuleni, pazia zito katikati. Kodi ninayolipa sasa ni 50,000.

Nikaenda kukiona peke yangu. Kisafi mno. Choo ndani. Mita ya umeme ya peke yako, na kama umewahi kuishi uani unajua hilo ni amani kuliko sebule. Kwetu umeme ukiisha, kila mtu anamtazama mwenye pasi.

Nikampigia Mama Neema. Nikamsifia vigae, nikamsifia mita, nikamsifia mahali pa kuweka kabati la vyombo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nje pakoje?"

Nikageuka. Nje palikuwa na geti, ukuta, pevingi ukuta kwa ukuta, na hewa ya moto ikipanda kutoka chini kama kwenye kaango.

"Pamejengwa vizuri," nikasema.

"Kuna mti?"

Kwa mteja ningejibu kwamba unaweza kupanda. Kwake nilisema hakuna.

Kimya. Nilisikia sauti ya mwiko, na mama wa chumba cha pili akimwita Neema aje amtoe miba. "Nikijifungua Septemba," akasema, "joto la Oktoba na Novemba nitalikalia wapi na mtoto? Kwenye vigae? Na ukiwa Mtumba huko, nikiita, ataitika nani?"

Nilimpa mteja wangu kile chumba. Wenzangu kijiweni wakasema nimelogwa.

Saa 12 jioni

Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa linahesabu kwamba chumba kimoja kikizidi watu watatu, huo ni msongamano. Sisi ni watatu kamili. Mtoto akizaliwa tumevunja sheria, na mama mkwe bado hajashuka kwenye basi.

Nikamfuata mwenye nyumba wetu kuhusu stoo iliyo ubavuni mwa choo, anamoweka mabati chakavu na mifuko ya saruji iliyoshikana kuwa mawe. Akakuna kichwa. Akataja 20,000. Nikamkumbusha ni wapangaji wangapi nimemletea bila kumtoza senti. Akashuka hadi 10,000, kwa miezi mitatu, na takataka nitoe mwenyewe.

Saa 3 usiku

Tochi ya simu mdomoni, nusu ya mabati yako nje. Neema ameshika ncha moja ya tepu, mimi nyingine. Futi 7 kwa 6 na nusu. Mama Neema amekaa kwenye stuli chini ya mwarobaini, mkono tumboni, ananisimamia.

"Kitanda cha 4 kwa 6 kinaingia?"

"Kinaingia. Ila mlango hautafunguka wote."

"Nani analala humo?"

"Mimi," nikasema. "Mama analala na wewe."

Akacheka mpaka jirani akauliza kulikoni.

"Afadhali ya gereji," akasema. "Toa na lile bati la pembeni, nadhani kuna panya."