Kuufuata Ukanda Mvua hadi Shelisheli

Tuling'oa nanga Mombasa alfajiri moja ya Januari, kaskazi ikivuma kwa nguvu, tukielekea bandari ya Victoria katika kisiwa cha Mahé, mwendo wa kilomita zipatazo 1,700 kuelekea mashariki. Nilikuwa abiria pekee katika meli ile ya shehena, na nilikuwa na swali lililonisumbua kwa miaka: ikiwa bahari yote hii ni ya joto, kwa nini mvua huchagua mahali pa kunyesha?

Fundi wa mitambo aliniruhusu kusoma kipimajoto cha maji ya bahari yanayopoza injini. Kwa siku mbili kilionyesha nyuzi 28, lakini juu yetu palikuwa na vijiwingu tu vilivyosambaratika kabla ya kukua, kwa kuwa kaskazi hutoka pande za Uarabuni ikiwa kavu, na hewa iliyo juu yake huufunika mvuke usipande.

Usiku wa tatu upepo ulikata. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, mzee wa Lamu, akaniambia, “Mwanangu, bahari ikinyamaza hivi, funga dirisha.” Tulikuwa tumefika ukingoni mwa Ukanda Mvua, ambako kaskazi, iliyokwisha kugeuka baada ya kuvuka ikweta, hukutana na pepo za kusini-mashariki, na hewa iliyobeba mvuke wa safari ndefu hukosa njia isipokuwa juu.

Saa kumi za usiku ulinipiga upepo wa baridi, kisha mvua ikashuka kama ukuta. Baridi ile ndiyo iliyonivutia kuliko radi: ni hewa iliyopozwa na matone yanayokauka yakianguka, nayo huporomoka, hutambaa juu ya maji na kuinua hewa ya joto iliyo mbele yake, hivyo wingu moja huzaa jingine. Huko juu kila kilo ya mvuke inayogeuka maji hutoa joto la kuchemsha takriban lita saba za maji, na joto hilo huzidi kulisukuma wingu, pengine hadi kilomita 15. Usiku vilele vya mawingu hupoa na kuongeza msukumo huo wa hewa kwenda juu, ndiyo maana mvua ya bahari kuu hupenda kunyesha kabla ya mapambazuko.

Tulipoikaribia Mahé, kilele cha Morne Seychellois, chenye mita 905, kilikuwa kimezama mawinguni. Nikashuka tena kwenye mitambo. Kipimajoto kilisoma nyuzi 29.