Usiku wa Pongal, Amma Alipotumalizia Filamu

Januari 2013 sikurudi Tanga. Nauli ilikuwa kubwa na likizo yenyewe fupi, basi mwenzangu wa chumbani pale hosteli, Coimbatore, kusini mwa India, akanichukua kwao Kumbakonam tukale Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamil. Asubuhi tulichemsha mchele mpya na maziwa uani, na chungu kilipofurika sote tukapaza sauti: "Pongalo Pongal!" Jioni tukakaa chini sebuleni, mikono bado inanata utamu wa muwa, runinga ikaanza kuonyesha filamu ya Mouna Ragam.

Mimi nimekulia kwenye filamu za Kihindi, kama watoto wengi wa pwani yetu. Za Kitamil nilikuwa sizijui. Hii ilitoka mwaka 1986, imeandikwa na kuongozwa na Mani Ratnam, muziki ni wa Ilaiyaraaja. Amma, mama wa rafiki yangu, aliiona ukumbini akiwa msichana, hajaolewa bado, na nyimbo zake alizijua zote. Rafiki yangu alinitafsiria kwa Kiingereza, mdomo sikioni.

Revathi ni Divya, binti wa Chennai asiyetaka kuolewa. Siku mposaji anapokuja kumwona, yeye anakawia makusudi, anacheza mvuani na wenzake ili mgeni achoke, ajiondokee. Anarudi kalowa chepechepe, anamkuta bwana bado kakaa. Hapo Paati, bibi yake rafiki yangu, alicheka. Rafiki yangu hakucheka. Wiki hiyohiyo watu walikuwa wamekuja kumwona yeye, na jibu lilikuwa linasubiriwa.

Baba yake Divya anashikwa na moyo, binti anakubali kwa ajili yake, anapelekwa Delhi na mume asiyemjua. Mume, Chandrakumar, anataka kumnunulia zawadi. Anamuuliza anataka nini. Anasema: talaka. Nakumbuka Amma alikuwa anamimina kahawa kutoka kikombe cha shaba kwenda kibakuli chake, kuipoza. Mkono ukasimama hewani mpaka Divya alipomaliza kusema. Alikwisha kuisikia kauli ile mara nyingi, lakini bado ilimshika.

Kisha Divya anamweleza mumewe habari za Manohar, kijana aliyempenda, aliyepigwa risasi na polisi siku waliyopanga kufunga ndoa. Karthik anayemcheza Manohar haonekani kwa muda mrefu, ila ukishamwona utamkumbuka kuliko wote. Hadithi ya Manohar ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, umeme ukakatika.

Mgao wa umeme wa miaka ile Tamil Nadu, jimbo lile la Watamil, hasa nje ya Chennai, ulikuwa wa saa nyingi kila siku. Hakuna aliyeshangaa. Appa, baba wa rafiki yangu, akaleta taa ya chemli, na Amma, bila kuombwa, akaendelea pale pale filamu ilipokatikia. Kwetu kuna wale watafsiri wa kibanda umiza wanaobadili sauti kwa kila mchezaji, Amma angewashinda. Alikuwa wakili anayewaambia wanandoa kwamba sheria haipokei ombi la talaka kabla ndoa haijatimiza mwaka. Alikuwa Divya anayekuta njuga za mguuni alizonunuliwa, mume akazihifadhi bila kumlazimisha kuzivaa. Alipofika kituo cha treni alisimama kabisa, akasema maneno ya Divya anayekiri kwamba sasa anampenda, na Chandrakumar, aliyekwisha kata tamaa, anamkabidhi karatasi za talaka. Amma akazirarua kwa vidole vitupu. Kisha mume akaikimbilia treni, akapanda, akavuta mnyororo wa kuisimamisha.

Paati hakuridhika. Alisema mwanamume yule alimwachia sana mkewe, na enzi zake binti hakuulizwa chochote. Amma akamjibu kwa heshima, lakini hakulegeza: mwanamume yule alimuuliza mkewe anataka nini, na alipoambiwa jambo la kuumiza, hakumwadhibu. Mimi nakubaliana na Amma mpaka leo. Watu husifia mapenzi ya Manohar, pikipiki na ujasiri wake, lakini kwangu kilichoibeba filamu ile ni yule mume aliyeulizia jibu akalipokea.

Kukawa kimya kidogo. Halafu Appa, mtu wa maneno machache, akamuuliza binti yake: "Na wewe, hawa waliokuja, unasemaje?" Rafiki yangu akajibu kwa Kitamil, maneno machache, kisha akanigeukia kunitafsiria kama vile bado ni filamu: anataka amalize shahada kwanza, na yule kijana hamtaki. Paati akafyonza. Amma akaokota vikombe. Appa akasema sawa, kesho atawapigia simu.

Akawapigia kweli, nikiwapo. Alizungumza nao kwa adabu sana, akitembea uani kwenda na kurudi.

Tuliporudi Coimbatore tuliitazama sehemu iliyobaki kwenye kompyuta ya rafiki yangu. Amma alikuwa ameisimulia sawasawa, isipokuwa pale kituoni: Divya wake alizungumza zaidi kuliko wa Revathi. Rafiki yangu akasema ndivyo anavyofanya siku zote, na kila akiisimulia anamwongezea maneno.